Ndege ya upelelezi haimwondoi jasusi kazini

Mwenzetu ameuliza kama majasusi bado wana kazi ilhali ndege na setilaiti hupiga picha kila kitu. Sijawahi kuwa shushushu, ila nimesoma picha za anga kwa miaka kadhaa katika ofisi ya ramani, na jibu langu linatoka kwenye meza ile.

Tulikuwa tukiweka picha mbili zinazopishana chini ya stereoskopu, kifaa cha kutazamia picha mbili kwa pamoja, vilima na miti vikainuka kana kwamba unaweza kuvishika. Safari moja niliona mabaka meusi ya mviringo porini, nikayapima, nikayaandika kuwa mahame. Tulipokwenda kuhakiki, mzee wa kijiji aliishika picha, akaigeuza, akacheka: “Mwanangu, hapo pote palichomwa mkaa.” Vipimo vyangu vilikuwa sahihi; maana ndiyo iliyonipiga chenga.

Wachambuzi wa picha wa Marekani wangeweza kukwama vivyo hivyo mwaka 1962, Wasovieti walipopeleka makombora Kuba kwa siri. Taarifa za watu waliokuwa Kuba, walioona malori yamebeba mizigo mirefu, zilisaidia kuchagua eneo la kupiga picha, na tarehe 14 Oktoba ndege ya upelelezi ya U-2 iliyorushwa na rubani Richard Heyser ilipita juu ya San Cristóbal, magharibi mwa Kuba, zaidi ya kilomita 20 angani. Kesho yake, Washington, picha zilionyesha vitu virefu vilivyofunikwa maturubai. Kuvipima urefu ni kazi ya mtaalamu yeyote. Kuvitambua kuwa makombora ya Kisovieti ya R-12, na kukadiria yangekuwa tayari lini, kulitegemea pia miongozo ya kijeshi ambayo Kanali Oleg Penkovsky wa ujasusi wa jeshi la Kisovieti alikuwa ameipiga picha kwa siri kwa kamera ndogo. Kuhusu Kuba kwenyewe Penkovsky hakuwaambia Wamarekani kitu. Alikamatwa tarehe 22 Oktoba, siku ileile Rais Kennedy wa Marekani alipolihutubia taifa kuhusu makombora hayo, na mwaka uliofuata akauawa.

Hata hivyo, kamera na jasusi, vyote viwili vilikuwa na upofu wake. Wamarekani walidhani wanajeshi wa Kisovieti kisiwani ni takribani 10,000, kumbe walizidi 40,000, kwa kuwa wengi walisafirishwa wakiwa wamefichwa chini ya sitaha, ambako kamera haifiki na ambako Marekani haikuwa na mtu wake.