Foklifti Haipigi Sumile

Nimekulia Lamu, kwenye vichochoro ambamo punda wawili wenye mizigo wakikutana, lazima mmoja arudi kinyumenyume. Ukisikia "Sumile!", yaani pisha njia, nyuma yako, unajibana kwenye daka, kile kibaraza cha mlangoni, la nyumba iliyo karibu, punda anapita, unaendelea na safari zako. Sikujua daka litakuja kunifaa ghalani.

Ghala lenyewe lilikuwa la chumvi, kaskazini mwa Malindi, pande za Gongoni. Foklifti mbili za kunyanyulia mizigo, vibarua kama thelathini, njia moja ya katikati kwa wote. (Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka kamati ya usalama penye wafanyakazi 20 au zaidi. Yetu ilikuwa ndani ya faili.) Asubuhi moja dereva alikata kona na paleti ya magunia 20 ya kilo hamsini, tani nzima. Meno ya mbele yalimpita mwenzetu kwa mbali, akaona keshasalimika. Matako ya mashine yakamfagia, mguu ukabanwa kwenye paleti za pembeni. Foklifti hukata kona kwa magurudumu ya nyuma: mbele ikienda kushoto, nyuma inajitupa kulia.

Wakubwa wakaleta rangi ya manjano. Tukachora njia ya miguu kando ya ukuta, imenyooka vizuri, na hakuna aliyeifuata. Tangi la maji lilikuwa upande wa pili, na saa nne mama wa mahamri hutua beseni lake mlango wa mashariki. Nani azunguke? Na chumvi nayo haikuchelewa kuila rangi.

Kwa hiyo kabla ya kununua rangi, kaa juu ya magunia siku mbili na kalamu, uchore watu wanapopita kweli. Mimi niligundua kwamba wengi waliokatiza mbele ya foklifti hawakuwa kazini, walifuata maji, choo na chai. Tukahamisha tangi. Mama wa mahamri alinung'unika wiki nzima, kisha akazoea mlango mpya. Choo kilitushinda, pale tukaacha kivuko kimoja tu.

Upana, pima kwa mzigo, si kwa mashine. Njia ya kwenda upande mmoja: upana wa mzigo na sentimita 90 juu yake. Ya kupishana: mizigo miwili na 90, yaani kwa paleti za mita 1.2 ni mita 3.3. Lakini foklifti ya kubeba tani 2.5 ikigeuka kuingiza paleti kwenye safu, inataka karibu mita nne. Sisi tulikuwa na tatu.

Uzio wa chuma uliliwa na kutu, tukasimamisha nguzo za mvinje. Zisikudanganye: zinamwelekeza mtu, hazizuii mashine yenye uzito wa tani nne. Kwenye kona tulimwaga zege.

Na madaka? Kati ya safu za magunia tuliacha nafasi za kutosha mtu mmoja kujibana foklifti ikija. Kazi ni kuzilinda, maana nafasi tupu ghalani haikosi mgeni. Jumatatu iliyopita nilikuta magunia matatu kwenye daka la pili, hakuna aliyeyajua. Niliyatoa mwenyewe, huku dereva akinipigia honi nimpishe.