Faili za Visio zakataa kufunguka: lazima ninunue programu?

SWALI: Asalaam aleikum kaka. Mimi nafanya kazi afisi ya kliaringi hapa Mombasa. Yule jamaa aliyekuwa akishughulikia kompyuta ameacha kazi, ametuachia foda ina michoro 14 ya vile hati za mzigo zinavyopita kuanzia kwa mteja mpaka kontena litoke geti ya bandari. Zingine zaishia na .vsd zingine .vsdx. Laptopu yangu haizifungui, kuna mbili nilizibadilisha jina nikaweka .pdf ikaniambia faili imeharibika, na sai sikumbuki zilikuwa za aina gani. Bosi ataka tubadilishe hatua mbili tatu alafu iprintiwe kubwa ibandikwe ukutani. Saiba wameniambia lazima ninunue programu yenyewe. Ni kweli? (Msomaji, Tudor)

JIBU: Waaleikum salaam dadangu. Si kweli, huna haja ya kununua kitu. Lakini kabla hujafanya lolote lengine, ikopi hio foda nzima kwa flashi uiweke kando usiiguse tena, kazi zote ufanyie kwenye kopi.

Tuanze na zile mbili ulizobadilisha jina. Hazijaharibika. Jina la faili ni kama karatasi iliyobandikwa juu ya mkebe, ukiandika kaimati na ndani ni viazi karai, basi ni viazi karai tu, na ile programu ya kusoma PDF imefunua mkebe haikupata ilichokitarajia ndo ikalalamika. Ili ujue ni ya aina gani ifungue na Notepad, ile programu ndogo ya kuandika iliyomo kwenye Windows. Utaona vialama vingi visivyosomeka, usishtuke, wewe angalia herufi mbili za mwanzo kabisa. Ikianza na PK hio ni .vsdx, ikianza na vialama vya ajabu badala ya PK basi kwa hio foda yako itakuwa ni .vsd ya zamani. Funga bila kusevu, tafadhali sana, ukisevu kutoka Notepad hapo ndo utaiharibu kweli. Alafu rudisha jina lake.

Sasa hizi ni faili za Visio, programu ya kuchora michoro ya kazi iliyotoka 1992 na kampuni iliyokuwa ikiitwa Shapeware, Microsoft wakainunua 2000. Mpaka Visio ya 2010 ilikuwa ikisevu kwa .vsd, faili iliyofungwa ambayo programu nyengine zilipata tabu kuisoma, na kuanzia Visio 2013 wakahamia .vsdx ambayo kwa kweli ni zip ya kawaida, yaani faili moja iliyofungasha faili nyingi ndani yake, ndo maana yaanza na PK, hizo ni herufi za jina la Phil Katz aliyebuni zip. Hili lina faida yake: siku .vsdx ikikataa kufunguka kila mahali, chukua kopi yake, badilisha mwisho uwe .zip, ifungue, ndani kuna foda ya visio na humo mna pages yenye maandishi ya kila ukurasa na mara nyingi media yenye picha zilizotumika. Si mchoro kamili lakini maneno yako utayaokoa.

Programu ya kwanza ya kudaunlodi ni LibreOffice, ya bure, na ndani yake kuna inayoitwa Draw. Ni kubwa, mamia ya megabaiti, kwa hivyo ifanye ukiwa kwa waifai ya afisi usile bando lako. Imekuwa ikisoma Visio tangu toleo la 3.5 la 2012, na yafungua .vsd na .vsdx zote. Bonyeza faili na kitufe cha kulia cha mausi, chagua ifunguliwe na LibreOffice Draw, bas.

Lakini nikwambie ukweli, kufunguka ni jambo moja na kukaa sawa ni jambo lengine. Kwanza fonti, yaani mtindo wa herufi, kama mchoro ulitumia fonti ambayo huna, kompyuta itaweka nyengine na maneno yatamwagika nje ya kisanduku. Pili, na hili ndilo linalosumbua watu wengi, mara nyingi ile mishale inafika ikiwa mistari tu, haishikani tena na visanduku, ukivuta kisanduku mshale wabaki pale pale ukining'inia. Kama wabadilisha maneno peke yake haina neno. Kama wasogeza hatua na kuongeza zingine, zile za .vsdx zijaribu kwa draw.io, nayo ni ya bure na ina toleo la kuweka kwa kompyuta lisilohitaji intaneti, naona yenyewe inashika mishale vizuri zaidi. Zile za .vsd zilizovurugika, mimi ningezichora upya. Najua yasikika kama kazi kubwa ila mchoro wa visanduku kumi na tano wachukua muda mfupi kuliko kuhangaika na mishale iliyokatika siku nzima, na wewe ndo unaeijua hio kazi, utauchora ukiwa sahihi kuliko ulivyokuwa.

Draw haikurudishii .vsdx, yasevu kwa .odg. Kwa hivyo weka .odg kama faili yako ya kufanyia kazi, na PDF uitoe kwa ajili ya kuprinti na kutuma. Usibaki na PDF peke yake! Huyo jamaa wenu kwa kweli aliwafanyia wema kuwaachia faili zenyewe, kuna afisi nyingi zimeachiwa picha tu na kubadilisha neno moja yabidi waanze mwanzo.

Ya ukutani usiitoe kwa JPG wala PNG, hizo ni pikseli, yaani vidoa vidogo vya rangi, ukizikuza zinakuwa na ukungu. PDF inabeba mistari na maandishi kama yalivyo, utaikuza vile utakavyo na bado itasomeka. A3 ni A4 mbili, na umbo ni lile lile, kwa hivyo ukurasa wa A4 waingia A3 bila kukatwa, ila angalia saizi ya ukurasa kwanza kwa maana faili nyingi za Visio zimewekwa karatasi ya Kimarekani inayoitwa Letter, ambayo ni pana kidogo na fupi kuliko A4. Ukimtumia wa kuprinti kwa WhatsApp itume kama dokumenti, si kupiga picha skrini.

La mwisho lanigusa mwenyewe. Usipeleke hizi faili kwa zile tovuti za kukubadilishia bure. Miaka ya nyuma nilikuwa na haraka, nikapakia mchoro wa mtandao wa mteja kwa tovuti moja, na ndani mlikuwa na anwani za mitambo yake na paswadi moja mtu alikuwa ameiandika pembeni. Nikakumbuka usiku nimeshalala. Ilibidi nimpigie simu mteja nimweleze, na wikendi nzima tukabadilisha kila paswadi. Michoro yenu pengine ina majina ya wateja na namba zao, na Kenya tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, afisi ndo itakayoulizwa si ile tovuti. LibreOffice na ile draw.io ya kwenye kompyuta zafanya yote hapo hapo kwa laptopu yako.

Ukikwama na faili yoyote niandikie yaishia na herufi gani na kwa Notepad yaanza na nini, faili yenyewe usinitumie.