Siku moja Omaha

Ndugu, umeuliza kama siku moja inatosha kutoka Paris kwenda kuuona ufuo wa Omaha, huko Normandy kaskazini mwa Ufaransa, waliposhuka askari wa Marekani tarehe 6 Juni 1944. Inatosha, mradi upande treni ya asubuhi mapema kituo cha Saint-Lazare hadi Bayeux, mji ulio karibu na ufuo huo, mwendo wa saa mbili na ushei, na mkoba mkubwa uuache ulikolala. Fuo zote tano walikoshuka Washirika siku ile usijaribu kuzimaliza. Nakusihi ufike maji yakiwa yamekupwa, kama yalivyokuwa asubuhi ile, usimame ukingoni mwa maji, kisha ugeuke kuitazama miinuko: mchanga mtupu, mpana, usio na pa kujificha. Halafu panda makaburini kwa askari wa Marekani, Colleville-sur-Mer, kwenye makaburi zaidi ya 9,000, uyasome majina taratibu.