Kwa mnaoanza maabara ya bakteria hapa Dodoma

Wadogo zangu mnaokuja kwa mafunzo ya vitendo, karibuni. Najua wengi mna hamu ya PCR (kuzidisha kipande cha DNA ili kukitambua) na kusoma jenomu, yaani DNA yote ya bakteria. Subirini kidogo. Sahani yenye bakteria wawili waliochanganyika itakupa jeni za wote wawili, nawe utaziandika kama za mmoja. Oteshea kwenye MacConkey (agari ya kuoteshea bakteria wa utumbo), chukua koloni moja, ihamishie agari mpya, rudia mpaka zote zifanane.

Kipimo cha diski, cha kuona kama dawa inamzuia bakteria, kina masharti yake: agari ya Mueller-Hinton yenye kina cha milimita 4, wingi wa bakteria wa McFarland 0.5 (kipimo cha ukungu wa mchanganyiko), nyuzi 35, saa 16 hadi 18. Agari ikiwa nene, duara lisiloota bakteria kuzunguka diski linapungua, na bakteria anayekufa kwa dawa utamwita sugu. Weka na E. coli ATCC 25922, bakteria wa kulinganishia ambaye majibu yake yanajulikana, kila mara. Huyo akitoka nje ya mipaka yake, majibu hayaendi wodini, hata daktari apige simu mara ngapi.

Kinachowachanganya wengi ni hiki. Klebsiella ya wodi ya watoto na E. coli ya wodi ya upasuaji zote zinakataa antibiotiki ya seftriaksoni, basi mtu anaandika kuwa bakteria mmoja anasambaa hospitalini. Jeni ya CTX-M-15, inayoleta usugu huo, mara nyingi hukaa kwenye plazimidi (kipande kidogo cha DNA kilicho kando ya kromosomu), na plazimidi huhama hata kati ya spishi tofauti, kama flashi inayozunguka kompyuta za ofisi. Kwa hiyo wenye usugu mmoja si lazima wawe wa ukoo mmoja. Ukoo unautafuta kwa MLST, njia ya kulinganisha jeni chache za msingi: kwa E. coli huangaliwa jeni 7, zikiwemo adk na recA, na kila mchanganyiko una namba yake. Ukoo wenye namba ST131 umeenea duniani kote; wagonjwa wawili wakiwa nao, bado hujathibitisha kwamba mmoja alimwambukiza mwenzake. Hapo ndipo jenomu nzima inapohitajika, pamoja na daftari la taarifa za wagonjwa.

Mimi daftari naliheshimu kuliko mashine. Fomu nyingi huja zimeandikwa "homa" tu. Nenda wodini umwulize nesi wa zamu: mgonjwa yuko kitanda gani, alilazwa lini, alihamishwa kutoka wapi. Sampuli iliyochukuliwa kabla ya saa 48 kupita tangu alazwe, huenda mgonjwa alikuja na bakteria huyo kutoka nyumbani. Na swabu ya puru ikionyesha bakteria wa ESBL (wenye kimeng'enya kinachoharibu antibiotiki kama seftriaksoni) kwa mtu asiyeumwa, ripoti kuwa amembeba tu bakteria huyo. Usimsababishie antibiotiki asizozihitaji.

Kila bakteria uliyemtambua mhifadhi kwenye gliseroli, nyuzi hasi 80, nakala kwenye friza mbili ikiwezekana, maana umeme hukatika. Lebo iandikwe kwa kalamu isiyofutika kwa spiriti.