Muulize Shangazi wa Safari: "Nitoke sokoni, nipande ndege, niende sokoni?"

Swali: Habari yako Shangazi. Mimi ni mama wa hapa Mbale, nauza mitumba sokoni miaka mingi sasa. Binti yangu ni nesi kule Birmingham, mwezi wa sita ananiita nikae naye wiki tatu, viza tayari nimepata namshukuru Mungu. Mimi nilitaka London, nione daraja na nyumba ya mfalme, yeye anasema eti atanipeleka mji mdogo unaitwa Ludlow, eti mji wa soko wa zamani, umezungukwa na mashamba. Shangazi, nitoke sokoni, nipande ndege, niende sokoni? Si kutupa pesa huko?
*Mama Mitumba, Mbale*

Jibu: Nnyabo, nimecheka mpaka chai ikamwagika kwenye karatasi zangu. Lakini binti yako ana akili. Ludlow nimefika, na nakwambia wewe mwenye meza sokoni utaielewa kuliko hao maprofesa wanaoenda kupiga picha za ukuta.

London unaijua tayari, umeiona kwa TV, ukifika utapanga laini na watalii wenzako na kulipa pesa nyingi kwa maji ya chupa. Siku moja inatosha. Ludlow ni watu kama 10,000 tu, mji umekaa juu ya kilima kidogo, mto Teme unauzunguka chini, na huko juu kuna ngome ya mawe ambayo ilianzwa kujengwa mwishoni mwa karne ya 11 na mabwana wa ukoo wa de Lacy, kwa sababu ule ni mpaka na Wales na Wawelshi walikuwa hawataki mchezo. Sasa angalia akili ya watu wa biashara: penye ngome kuna askari, penye askari kuna midomo ya kulisha, kwa hiyo mbele ya lango la ngome likawekwa soko. Na soko liko hapo hapo mpaka leo, Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi. Mwambie binti achague moja ya siku hizo, siku nyingine utakuta uwanja mtupu na njiwa.

Kitu kilichonifurahisha ni sheria zao za zamani. Soko halikuwa la kufungua tu ukiamka asubuhi na meza yako, lilitaka ruhusa ya mfalme. Na mwanasheria wao mmoja wa karne ya 13, Bracton, ameandika kwamba soko jipya likiwa karibu na la zamani chini ya maili 6 na theluthi mbili, yaani kama kilomita 10 na kitu, hilo ni la kumuharibia mwenzako biashara. Hesabu wameitoa wapi? Mtu kwa siku anatembea maili 20, gawanya mara tatu: sehemu ya kwenda, sehemu ya kuuza na kununua, sehemu ya kurudi nyumbani kabla giza halijaingia. Ukiangalia masoko yetu ya wiki huko vijijini, wamama wanaotembea na ndizi kichwani alfajiri, si hesabu ni ile ile?

Halafu ingia kanisa la St Laurence, liko nyuma ya soko kidogo tu, mnara wake ni mrefu, huwezi kupotea. Usiishie kuangalia dari. Nenda kwenye viti vya kwaya, vya karne ya 15, uombe wakuonyeshe michoro iliyochongwa chini ya kalio la kiti. Kuna mmoja wa mwanamke muuza pombe aliyekuwa anawapunja watu kipimo, shetani amembeba begani anampeleka kwenye mdomo wa jehanamu, na kile kikombe chake cha udanganyifu kiko naye! Nilisimama hapo nikawakumbuka watu fulani wa soko letu wenye debe lililobonyezwa chini. Majina siweki.

Ngome yenyewe ni magofu, unalipa kiingilio. Hapo ndani alifia Arthur, mtoto wa mfalme Henry VII, tarehe 2 Aprili 1502, kijana wa miaka 15 tu, bambi, na hata miezi sita ya ndoa hajamaliza na Catherine of Aragon. Mdogo wake akawa mfalme, ndiye Henry VIII, akamuoa huyo mjane wa kaka yake, miaka ikapita akataka kumuacha, Papa akakataa, naye akavunja na Roma akajifanya mkuu wa kanisa la Uingereza mwaka 1534. Kanisa hilo ndilo limezaa Anglikana yetu. Yaani kijana mmoja ameumwa kwenye chumba kile, na sisi huku tumeishia kugawana Namirembe ya Waanglikana na Rubaga ya Wakatoliki. Mimi nilikaa kwenye jiwe dakika kumi nzima nikiwaza hilo tu, mwenzangu anadhani nimechoka.

Kutoka hapo shuka daraja la Dinham, vuka mto, panda kilima cha Whitcliffe. Pale juu mji wote uko mbele yako, ngome, mnara wa kanisa, paa za nyumba, na nyuma milima ya Clee. Wao wanaiita milima, wewe usicheke kwa sauti: Titterstone Clee ni mita 533, Mbale mjini penyewe ni juu kuliko hapo mara mbili, na Masaba, yaani mlima Elgon, ni mita 4,321. Pembeni ya mto kuna njia inaitwa Bread Walk, wenyeji wanasema vibarua walioitengeneza walilipwa mikate badala ya pesa wasije wakaimaliza yote kwenye pombe. Wake zao naamini walishangilia.

Utajiri wa mji ulitoka kwenye sufu, manyoya ya kondoo, kama Bugisu na kahawa. Ukipata siku ya pili chukua treni stesheni moja tu mpaka Craven Arms, tembea kama dakika ishirini ufike kwenye nyumba ya zamani ya Stokesay. Ile nyumba ilijengwa na mfanyabiashara wa sufu, Laurence of Ludlow, tajiri anayekopesha wakubwa, na mwaka 1291 mfalme Edward I akampa ruhusa ya kuiwekea ngome. Ukumbi wake una paa la mbao la wakati huo huo, bado limesimama. Lakini sikia mwisho wake. Mwaka 1294 mfalme anataka pesa za vita na Ufaransa, matajiri wa sufu, Laurence akiwemo, wakakubali sufu ikatwe kodi, kisha wao wakashusha bei kwa mfugaji, mzigo ukamwangukia mwenye kondoo. Mwaka huo huo Laurence akazama baharini na meli iliyojaa sufu. Watawa wa Dunstable waliandika kwenye kumbukumbu zao kwamba ilikuwa malipo. Wakulima wa pamba na kahawa wanaosoma hapa nadhani hawahitaji nieleze zaidi.

Toka Birmingham hakuna treni ya moja kwa moja, mnabadilisha Shrewsbury au Hereford, jumla kama masaa mawili. Kateni tiketi mapema, ukinunua dirishani asubuhi ya safari bei inauma.

Swali: Asalaam aleikum Shangazi. Mimi na mume wangu tutakuwa Uingereza mwezi wa sita na wenyeji wetu wanataka kutuzungusha mashambani upande huo huo wa Shropshire, jimbo la Ludlow. Wasiwasi wangu ni chakula na swala. Tutakula nini?
*Hajati, Bombo*

Jibu: Waaleikum salaam Hajati. Ludlow inajulikana kwa chakula, tangu 1995 wana tamasha la chakula, linafanyika mwezi wa tisa, lakini nikwambie ukweli, sehemu kubwa ya sifa hiyo ni nguruwe. Soseji nguruwe, pai nyingi nguruwe, hata ile pai yao ya asili yenye matofaa na vitunguu ndani, inaitwa fidget pie, nayo ina nguruwe, na inanukia vizuri sana, kwa hiyo uliza kabla pua haijakudanganya. Chipsi na samaki watu wengi wanadhani ni salama moja kwa moja, lakini maduka mengine yanakaanga kwa mafuta ya ng'ombe, na huyo ng'ombe hajachinjwa unavyotaka. Uliza wanatumia mafuta gani, hawakasiriki. Kama mnapitia Birmingham nunueni nyama halali hapo, zimejaa, mbebe. Sokoni Ludlow utapata mkate, jibini, mayai, matunda, na mwezi huo stroberi zao ni tamu kweli.

Swala ndiyo kazi. Mwisho wa mwezi wa sita jua linazama kama saa tatu na nusu usiku, ndiyo Hajati, usiku, na linachomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Isha na alfajiri zinakaribia kugusana. Muulize sheikh wako kabla hujaondoka atakwambia mnafuata ratiba gani na nini kinaruhusiwa kwa msafiri, hapo mimi siingii.

Swali: Shangazi mimi ni kijana wa Mbarara, nyumbani tunafuga. Nakuja kozi fupi ya kilimo Hereford. Nimeona picha watu wanatembea katikati ya mashamba ya wengine na mabegi mgongoni. Huku kwetu ukikutwa kwenye kiraaro cha mtu, kambi yake ya ng'ombe, utaeleza. Kweli inaruhusiwa?
*Kijana wa Ankole*

Jibu: Inaruhusiwa mwanangu, lakini si popote. Kuna njia za miguu za umma, ni haki ya kisheria hata kama shamba ni la bwana mkubwa. Tafuta mshale wa njano kwenye nguzo au geti, huo ni wa watembea kwa miguu. Wa buluu hata farasi na baiskeli wanapita. Ukitoka nje ya mshale basi umeingia kwa mtu. Geti unaliacha ulivyolikuta, likiwa limefungwa funga, likiwa wazi acha wazi, mwenye shamba ana sababu zake, wewe mfugaji unajua.

Na umeenda penyewe, ng'ombe wa Hereford, mwekundu uso mweupe, asili yake ni jimbo hilo hilo, kitabu cha kuandikisha ukoo wake kilianza 1846. Pembe zake ukilinganisha na za kwenu ni aibu. Ila sikiliza: sheria yao inakataza kuweka dume wa maziwa mwenye zaidi ya miezi kumi kwenye shamba lenye njia ya umma, lakini dume wa nyama kama Hereford anaruhusiwa akiwa na majike. Mimi nilikuta kundi la ndama wakubwa wakaanza kunifuata, nikageuka wakasimama, nikitembea wanakuja, nikaishia kuruka ukingo nikaacha kiatu kimoja kwenye matope. Mwenye shamba alikuja nacho anacheka, eti walidhani nimeleta chakula. Jike mwenye ndama mchanga umzungukie mbali, usipite katikati yao hata kama njia inapita hapo.

Mabuti yasiyopitisha maji na koti la mvua, hata mwezi wa saba. Usibishane na mimi kwenye hili.

Swali: Shangazi, tiketi ya treni imeandikwa 14:05. Hiyo ni saa ngapi jamani?
*Msomaji, Arua*

Jibu: Saa nane na dakika tano mchana, kaka. Na treni si teksi ya Arua Park, haingoji ijae, milango inafungwa kabla hata ya dakika yenyewe. Ya kwangu ya kurudi niliikosa nikiwa naiona, mkate wa sokoni mkononi. Kuanzia mwisho wa mwezi wa tatu mpaka mwisho wa mwezi wa kumi Waingereza wako nyuma yetu masaa mawili, baridi ikianza yanakuwa matatu, kwa hiyo ukimpigia mzee simu saa nne usiku ya huko, jua umemuamsha.