Siku ya kwanza Cartagena, nianzie wapi?

SWALI: Dada shikamoo. Mwezi ujao naenda Kolombia kikazi na kabla ya mambo ya ofisi nitakuwa na wikiendi ya kuzurura Cartagena. Kila mtu ana lake, huyu ananiambia nikimbilie visiwani, yule anasema ngome, mwingine ati nikae tu bichi ya Bocagrande. Mi napenda historia ila jua kali siliwezi. Siku ya kwanza nianzie wapi? Na dola zinapokelewa?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kama jua huliwezi basi tembea asubuhi mapema, mchana jifiche, jioni utoke tena, maana kule joto ni nyuzi 30 na kitu karibu mwaka mzima na unyevunyevu wake unachosha kuliko hilo joto lenyewe.

Anza na ngome ya San Felipe de Barajas. Iko nje ya kuta za mji, juu ya kilima cha San Lázaro, kivuli hakuna, watu wanaipanda saa 6 mchana halafu wanashuka wameichukia bure. We nenda wakifungua tu. Hapo ndo admirali Edward Vernon wa Uingereza aliposhindwa mwaka 1741, jamaa kaja na meli zaidi ya 100 na watu zaidi ya 20,000, habari za ushindi zikawahi kufika kwao kabla ya ushindi wenyewe mpaka wakagonga medali za kusherehekea, kumbe huku homa inawamaliza na ngazi zao hazifiki juu ya ukuta 😂 Aliyewazuia ni Blas de Lezo, Mhispania mwenye mguu mmoja, jicho moja na mkono mmoja usiofanya kazi, sanamu yake utaikuta chini ya ngome. Njia za chini kwa chini za ngome usizikose, kule angalau kuna kivuli.

Ukishuka pitia mtaa wa Getsemaní uingie mji wa zamani kwa mlango wa mnara wa saa, Torre del Reloj. Sasa hapa nakuomba usiwe kama wengine. Watu wanapiga selfi na saa, wananunua peremende za nazi pale pembeni wanasonga mbele, wakati huo uwanja waliosimama, Plaza de los Coches, ndo ulikuwa soko la watumwa, Waafrika walioshushwa bandarini waliuzwa hapo hapo. Simama kidogo. Halafu nenda kanisa la San Pedro Claver, ni karibu tu, huyo alikuwa padri Mjesuiti aliyekuwa akizifuata meli za watumwa na chakula na dawa, akafa 1654, mabaki yake yako chini ya altare unayaona kabisa.

Wale akina mama wa nguo za rangi wenye matunda kichwani wanaitwa palenqueras, asili yao ni San Basilio de Palenque, mji uliojengwa na watumwa waliotoroka chini ya Benkos Biohó, na mpaka leo kule wana lugha yao yenye maneno ya Kikongo. Picha sio bure, kubaliana bei kwanza, na ukiona aibu kulipa basi nunua tunda. Teksi hivyo hivyo, mita hazina, bei mnamalizana kabla hujakaa.

Mchana kula samaki wa kukaanga na wali wa nazi (wao tui wanalichemsha mpaka linakauka na kuwa kahawia, wali unatoka mtamumtamu) na limonada ya nazi, halafu ulale. Sikutanii, lala.

Saa 11 jioni panda ukutani. Kuta hizi Wahispania walianza kuzijenga kwa nguvu baada ya haramia Mwingereza Francis Drake kuuteka mji 1586 na kuanza kuchoma nyumba mpaka akalipwa, na leo unatembea juu yake bure kabisa na upepo wa bahari. Usiku rudi Getsemaní, Plaza de la Trinidad, ukae na wenyeji. Mafundi wa mtaa huo ndo waliosukuma uhuru wa Cartagena kutoka Hispania utangazwe tarehe 11 Novemba 1811, ila ukifika utakuta watoto wanacheza mpira tu na watu wanakula vya mtaani.

Hela: tumia peso. Na usishtuke ukiona chakula kimeandikwa $40.000, alama hiyo kule ni ya peso na nukta ni ya maelfu. Dola wapo wanaopokea ila wanakupunja.

Visiwa viache kesho yake. Boti za Rosario zinaondoka asubuhi gati ya La Bodeguita, na mchana bahari inachafuka, kwa hiyo ukichelewa utarudi umelowa na tumbo limevurugika.