Usimpe mtu mmoja gari zima, mi niliachia 180,000 Ngamiani

Wee ndugu acha! Acha kabisa kabla hujaweka hiyo laki ya dau. Nimesoma unauliza kati ya Newey, Chapman, Byrne na Murray nani mkali wa kubuni magari ya langalanga, yaani Formula 1, unataka kuhesabu makombe ya kila mtu halafu ukambishie shemeji yako kwa hela. Njia hiyo mi nishapita, nikarudi peku.

Kijiweni kwetu Ngamiani, kahawa na kashata, ubishi ukafika kwenye McLaren MP4/4 ya 1988, ile waliyoendesha Senna na Prost, iliyoshinda mbio 15 kati ya 16. Nikasema ile ni ya Gordon Murray peke yake, mtoto wa Durban, hakuna mwingine. Fundi gereji mmoja akacheka, akasema kamuulize Steve Nichols. Nikapanda dau, 50,000, 100,000, mpaka 180,000, hela ya klachi ya boda yangu jamani!! Muuza kahawa akashika hela, simu zikatoka. Kumbe Nichols ndo alikuwa mbunifu mkuu wa ile gari, Murray alikuwa bosi wa ufundi aliyekuja na imani yake ya gari bapa, dereva kajilaza, kitu alichokijaribu kwenye Brabham BT55 ya 1986 kikamgomea. Na wenyewe wawili wameshagombania sana hiyo sifa, sasa mi nani niamue? Neno "peke yake" ndo lililonila. Nikarudi nyumbani kwa mguu, majirani wakadhani nimeanza mazoezi.

Na yule mchambuzi uchwara wa grupu la WhatsApp aliyetuma ile orodha, gari moja jina moja, utadhani langalanga inachorwa na mtu mmoja sebuleni kwake! Nilimfuata inboksi, kanijibu kikatuni cha kucheka. Nyoko.

Kwa hiyo kabla hujamtaja mtu uliza kashika nini. Lotus 79 aliyoendesha Andretti, bingwa wa 1978, unampa Chapman mwenye Lotus, haya, na Peter Wright aliyehangaika na ule mvuto wa chini, hewa chini ya gari inayoigandisha barabarani, unamuweka wapi? Ferrari F2004, mbio 15 kati ya 18, mchoro wa Byrne sawa, ila juu yake alikuwa Ross Brawn, bosi wa ufundi, na usukani kaushika Schumacher.

Mwambie shemeji aandike kabisa kwenye karatasi mnabishania nini, kahawa ikiwa bado kwenye dele.

Klachi nilibadilisha baada ya miezi miwili. Waifu nilimwambia spea ilikuwa adimu.